Yadi Saba za Bafta Nyeupe

“Shilingi laki tatu na nusu, mwenyekiti. Bendera mia mbili, kila moja elfu moja mia saba na hamsini. Piga hesabu mwenyewe.”

“Laki tatu na nusu nimpe nani? Nimpe mtu aliyejifunga kitu kama hicho kichwani?”

“Siku uliyoniletea kazi kitu hiki kilikuwa hapa hapa kichwani.”

“Nilikuwa sijakiangalia vizuri!”

Watu wakaangua kicheko. Ndivyo walivyokuwa wakibishana, ndugu zangu, fundi cherehani mmoja na mwenye mashine ya kusaga, siku ya soko, watu wamejaa, katika mji mmoja wa mpakani. Msiniulize mji gani. Chagueni wenyewe.

Nchi ile ilikuwa vitani na jirani yake. Vita vilipoanza, mwenye mashine alijipa uenyekiti wa Kamati ya Uzalendo. Hakuna aliyempigia kura. Bei ya kusaga debe moja la mahindi ilipanda mara tatu mwezi ule ule, lakini ukimuuliza alikwambia ni vita hivyo, wewe huipendi nchi yako?

Fundi naye alizaliwa mji ule ule. Baba yake amezikwa pale, mama yake amezikwa pale. Ila babu yake alitoka upande wa pili wa mpaka, na ukoo wao haukuacha mambo yao mawili matatu. Ukiingia dukani kwao unavua viatu mlangoni. Na mwanamume aliyeoa anafunga kilemba cheupe, kikubwa, kinene. Zamani watu walimtania, “Fundi, leo umebeba mtungi?” naye akajibu, “Njoo unitue basi,” wakacheka wote. Vita vikaja, na utani ule ule ukageuka kuwa mashitaka.

Sasa, Kamati iliamua kila nyumba itundike bendera. Bendera yao ilikuwa ya kijani, na mstari mweupe katikati, upana wa shibiri moja. Mwenyekiti akapita duka kwa duka akanunua bafta yote nyeupe iliyokuwa mjini. Fundi akamwambia kwa heshima, “Mwenyekiti, bakisha walau jora moja. Barabara imefungwa, malori hayaji, na bafta ndiyo tunayozikia watu.”

“Nani atakufa? Sisi tunashinda!”

Basi fundi akashona. Siku kumi na tisa, mguu kwenye cherehani mpaka kisigino kikavimba. Alinunua uzi kwa pesa yake. Alizikunja bendera zote mia mbili, akazipeleka mwenyewe kwa mkokoteni. Na hii ndiyo siku aliyokwenda kudai.

“Nisikilize,” mwenyekiti akasema, kwa sauti ya kufikisha mpaka kwenye vibanda vya nyuma. “Mimi si dhalimu. Vua hicho kilemba cha adui hapa, mbele ya watu, nami nakulipa sasa hivi.”

Akatoa noti, akazipunga. Pesa ile ile! Ilikuwepo mfukoni muda wote.

Fundi aliziangalia zile noti. Alikuwa na deni la uzi na kisigino kimevimba. Angeweza kuvua, akachukua, akaenda nyumbani akafunga tena. Wangapi humu tusingevua? Lakini akasema, “Siwezi, mwenyekiti. Hii ni sanda yangu.”

Akawaeleza. Kwao, siku mwanamume anapooa, baba mkwe humpa yadi saba za bafta nyeupe. Anazifunga kichwani, anatembea nazo maisha yake yote, ili mauti yakimkuta popote, njiani au ugenini, asimsumbue mtu kutafuta kitambaa. Kila Alhamisi hukifua kwa mkono wake, hampi mke wala mtoto. “Si cha nchi hii wala cha upande wa pili,” akasema. “Ni cha kuzikiwa tu.”

Aliposema hivyo alidhani amemaliza ugomvi. Alidhani anaongea na watu.

“Kumbe umeshavaa sanda!” akapaza sauti mwenye bucha, na kisu chake mkononi. “Basi wewe ni maiti, mzee. Na maiti hadai!”

Jamani, walicheka. Wengine walikaa chini kwa kucheka. Kisha mikono ikaja kichwani kwake, mitatu, minne, kilemba kikafumuka kama matumbo ya mbuzi, wakakiburuta mpaka kwenye mtaro wa soko, wakakimwagia mafuta ya taa. Mwenyekiti ndiye aliyewasha kiberiti. Alikuwa amevaa suti ya mtumba, imeshonwa kwenye nchi ambayo hata jina lake hawezi kulitamka. Hakuna aliyemwambia aivue.

Fundi akarudi nyumbani kichwa wazi. Njiani hakuiwaza laki tatu na nusu. Aliwaza: nina miaka hamsini na minane, baba mkwe amekwisha kufa, bafta mjini hakuna. Mimi nitazikwa na nini?

Siku ya tisa likaja lori la jeshi. Likashusha maiti moja, imefungwa kwenye turubai. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mwenye mashine. Na msidhani alijitolea. Alikamatwa na askari stendi ya basi pamoja na vijana wengine, wakapelekwa vitani, baba yake akasema hadharani kuwa amejitolea. Kijana alikuwa na siku tatu tangu afe, na jua lile mnalijua.

Baba akazunguka maduka yote. Bafta, hakuna. Majirani wakamletea shuka za kitandani, za maua, na mama wa marehemu akazirudisha. “Nilimzaa mimi,” akasema. “Kama hamna cheupe cha kumvika mwanangu, niambieni kimekwenda wapi.”

Kimekwenda wapi? Kilikuwa kinapepea. Kila paa.

Mwenye mashine akaja dukani kwa fundi peke yake, bila Kamati. Mlangoni akavua viatu. Hakuna aliyemwambia.

“Fundi. Nipe bafta. Taja bei yoyote.”

“Nilikuwa nayo yadi saba,” fundi akasema. “Uliichoma.”

Yule baba alisimama pale na soksi zake zimetoboka vidole. Na fundi, niwaambie ukweli, alitaka kumwacha asimame hivyo hivyo mpaka jua lizame. Alikuwa na haki hiyo. Lakini huko nyumbani kulikuwa na kijana wa watu kwenye turubai, na kijana hakuchoma kitu cha mtu.

“Umebakiwa na bendera ngapi ghalani?”

“Arobaini.”

“Zilete.”

“Fundi, mimi nilitangaza. Nilisema atakayechana bendera ni msaliti.”

“Ulitangaza. Sasa zilete, au kamzike na turubai.”

Zikaletwa. Fundi akachukua wembe, akafumua mshono wake mwenyewe, bendera moja baada ya nyingine, akatoa ule mstari mweupe, akaunganisha vipande arobaini mpaka vikawa kitambaa cha kumfunika mtu. Vitambaa vya kijani vikarundikana mlangoni kwake, na wapita njia wakaviona. Habari ikafika sokoni kabla jeneza halijatoka: fundi anachana bendera.

Wakazika. Udongo haujakauka, mwenye bucha akasogea mbele na kuuliza kwa sauti, pale pale makaburini, “Nani amechana bendera za taifa?”

Watu wote wakamgeukia mwenyekiti. Alikuwa anafuta machozi, na machozi yalikuwa ya kweli, simsingizii. Akaliangalia kaburi la mwanawe. Akawaangalia watu. Neno moja tu lilihitajika. “Mimi niliomba.” Hata mtoto angeweza kulisema.

Akasema, “Muulizeni fundi.”

Fundi alikuwa kichwa wazi juani, uzi mweupe umenasa kwenye shati. Hakujitetea. “Laki tatu na nusu,” akasema. “Na yadi saba.”

Hakulipwa. Najua mnangoja niwaambie mwenyekiti alianguka magotini, wakakumbatiana, mfano ukaisha vizuri, tukaitikia amina tukaenda kula. Hakuanguka. Walimpiga mawe fundi kutoka makaburini mpaka mlangoni kwake, na mwenyekiti akatembea nyuma yao, pole pole, bila kurusha hata jiwe moja. Siku hizi akisimulia anasema yeye hakumgusa mtu.

Sasa sisi. Mimi sikusoma chuo, nilijisomea mwenyewe kwa kibatari, na maneno ya kuzunguka siyajui, kwa hiyo nitawauliza moja kwa moja. Sisi tunaijuaje nchi ya mtu kwa kuangalia kichwa chake? Ile siku ya kuoshwa, nani kati yetu atakwenda na suti yake? Nani ataulizwa kaburini, uliichoma nguo ya nani kwa ajili ya taifa lako, hongera? Tunasema tunaipenda nchi. Mbona mapenzi yetu yanaanza kwa jirani mnyonge na kuishia kwake? Aliyepandisha bei ya unga tunampisha apite. Aliyewakamata watoto wetu stendi ya basi tunampa kiti. Tunamkimbilia fundi cherehani.

Na nyinyi mliokaa safu za nyuma mkisema moyoni, mimi sikurusha jiwe: mwenyekiti naye hakurusha.

Mfano huu nimeutunga mimi, mji ule haupo. Lakini mashuka ya kujitanda na vilemba mlivyowavua watu sokoni kwetu Jumatano iliyopita sikuvitunga. Vipo majumbani mwenu, na wenyewe nawajua kwa majina. Virudisheni leo.