Kikapu cha Kidawa

Hapo zamani za kale, nyati walipokuwa bado wanalima mashamba na kupika kwa mafiga matatu kama bibi zenu, palikuwa na Bwana Nyati na mkewe, Bi Nyati. Nyumba yao ilikuwa kubwa na ghala limejaa, lakini mtoto hawakuwa naye.

Basi wakamchukua Kidawa. Kidawa alikuwa pimbi, mdogo hata kwa pimbi, macho hayatulii. Wazazi wake waliteketea kwa moto wa nyika. Wazee wa bonde wakampeleka kwa Ngiri, akarudishwa kwao. Akakaa kwa Nyani, akarudishwa. Kwa Fisi hakurudishwa, alitoroka mwenyewe, na nyie mngetoroka.

Bi Nyati alimpokea kwa moyo mkunjufu. Siku ya kwanza alimwekea ugali, kunde za nazi na viazi vitamu. Kidawa alikula mpaka tumbo likawa ngoma.

"Umeshiba, mwanangu?"

"Nimeshiba, Bi Nyati."

Asubuhi Bi Nyati akafagia. Kwaru! Kwaru! Ufagio ukagonga kitu chini ya mkeka. Loo! Tonge la ugali. Nyuma ya mtungi, viazi viwili. Juu ya dirisha, kunde zimefungwa kwenye jani.

"Kidawa! Hapa hakuna njaa. Ukitaka chakula, sema!"

Akavitupa vyote, akapiga deki nyumba nzima. Alidhani amefanya vizuri. Kesho yake vilivyofichwa vilikuwa maradufu, na Bwana Nyati alipovaa kofia yake kwenda shambani, kunde zikamchuruzika mpaka puani.

Msicheke sana, maana Bwana Nyati hakucheka.

Siku zikapita. Ukimshika Kidawa bega, anakakamaa kama mti. Siku moja alichota maji vizuri, asimwage hata tone, na Bi Nyati akamsifu: "Hongera, mwanangu! Umeniokoa leo." Mtoto akamtazama, akaubeba ule mtungi, akauachia chini. Paa! Vigae huku na huku. Hakulia wala hakukimbia.

"Sasa mtanirudisha lini?" akauliza.

Aliuliza taratibu tu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Bi Nyati akaokota vigae, na usiku huo hakupata usingizi.

Bwana Nyati yeye alikuwa na jibu. "Nimechoka! Tumempa godoro, tumempa chakula, anatulipa kwa wizi na kutuvunjia vyombo. Kesho kutwa nitawaita wazee wa bonde. Wakisema arudishwe, anarudi."

Bi Nyati akatoka mbio hadi kwa Nguchiro, msusi wa vikapu. Nguchiro alikuwa mdogo kuliko kwato la Bi Nyati, lakini alikuwa mjanja, na tena yeye mwenyewe alilelewa nyumba ya watu, kwa Kakakuona. Akamsikiliza huku vidole vinasuka.

"Hivyo anavyoficha, baadaye anavila?"

"Havili! Anavitazama tu, anavifunika tena."

"Basi si uroho huo."

"Ni nini, ndugu yangu? Niambie! Nitampoteza mtoto."

"Nikikwambia utaitikia kwa kichwa tu, ukifika nyumbani umesahau. Siku ya kikao pika chakula kingi sana. Mengine niachie mimi."

Siku ikafika. Wazee wakaketi sebuleni: Mzee Tembo, Mzee Kifaru na mwenye nyumba. Masinia yakapangwa katikati, viazi, mihogo, mahindi ya kuchoma na maboga, vyote vinatoa moshi. Kidawa alikaa karibu na mlango.

"Mwana wa nyoka ni nyoka," alianza Mzee Tembo. "Mtu halei mwizi."

"Arudishwe leo leo!" akafoka Mzee Kifaru. "Kwenye neema aibe nini? Mimi tangu nizaliwe sijaficha chakula!"

"Wala mimi," akasema Mzee Tembo.

"Wala mimi," akasema Bwana Nyati, akaipangusa kofia yake.

Mara wakasikia, ti! ti! ti! Ngoma ya hatari. Nguchiro akaingia amejaa vumbi, ulimi nje.

"Nzige! Jamani, nzige! Wameshuka bonde la chini! Jua halionekani! Wamekula mashamba, wamekula maghala, sasa wanakula makuti ya mapaa! Kabla ya jioni hapa hakuna jani!"

"Mungu wangu!"

"Tumekwisha!"

"Ngojeni nikatazame wamefika wapi!" Nguchiro akachomoka, fyuu!

Bi Nyati aliukumbuka mwaka wa nzige, alipokuwa ndama, mama yake akiwachemshia mizizi. Ya Nguchiro na kikao yalimtoka kichwani kabisa. Sebuleni wote walikuwa wakizunguka, huyu anamkanyaga yule, na hakuna aliyemtazama mwenziwe.

Nguchiro akarudi, safari hii polepole, akijipangusa vumbi.

"Ketini, wazee. Ketini."

Wakaketi. Masinia katikati yalikuwa meupe, hata punje haipo.

"Nzige wako wapi?" akauliza Bwana Nyati.

"Nzige? Nimeona panzi mmoja tu, tena kilema. Samahanini, macho yangu siku hizi! Haya, tuendelee. Lakini kabla ya hukumu, wazee, tusimame tuombe dua."

Hakuna aliyesimama.

"Mzee Tembo?"

"Goti linaniuma."

"Mzee Kifaru?"

"Mimi naomba nikiwa nimekaa."

"Dua ya bonde hili huombwa kwa kusimama, na nyie ndio mliotufundisha," akasema Nguchiro. "Simameni!"

Wakasimama. Pu! Pu! Pu! Mihogo minne ikadondoka nyuma ya masikio ya Mzee Tembo, mmoja ukavunjika. Mzee Kifaru alikuwa amekalia boga, na boga lilikuwa limemganda matakoni. Bwana Nyati akainamisha kichwa kwa haya, kofia ikamvuka, mahindi yakabingirika hadi mlangoni.

Bi Nyati alitaka kucheka. Ndipo akasikia moto tumboni. Akagusa pindo la kanga yake. Lilikuwa limefungwa fundo, na ndani ya fundo mna viazi vitatu. Hakukumbuka kuvifunga. Vilikuwa vinamuunguza muda wote ule, na hakuhisi.

"Wazee wangu," akasema Nguchiro, "njaa hamkuiona. Mmeisikia tu kwa mdomo wangu, tena kwa muda wa kumenya kiazi. Huyu mtoto aliishi nayo misimu miwili baada ya ule moto, na kila nyumba aliyoizoea ilimfungia mlango. Kwake yeye hao nzige hawajaondoka."

Kidawa akainuka mlangoni. Akaenda nyuma ya ghala, akainua jiwe, akarudi na muhogo mkavu mkononi. Akasimama mbele ya Mzee Tembo, yeye mzima sawa na ukucha mmoja wa mzee.

"Babu, wako umevunjika. Chukua huu wangu. Nitakuonyesha pa kuficha."

Mzee Tembo akaupokea kwa mkonga. Akauchomeka taratibu nyuma ya sikio. Hukumu haikusomwa siku hiyo, wala siku nyingine.

Jioni Bi Nyati akanunua kwa Nguchiro kikapu chenye kifuniko. "Kidawa, hiki chako. Kila jioni tutakijaza mimi na wewe. Hakuna atakayekigusa, hata mimi. Na ukivunja mtungi, tutafinyanga mwingine, na wewe utakuwa hapa hapa."

Kidawa alikikumbatia akalala nacho.

Msidhani aliacha siku ile ile. Alivunja bakuli mbili na sufuria akaitoboa. Usiku aliamka kukipapasa kikapu, na Bi Nyati alimsikia akamwacha. Bwana Nyati alijifunza kukung'uta kofia kabla ya kuivaa. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena.

Siku moja ya kuvuna kunde, Bi Nyati akaita, "Kidawa! Kile kikapu chako kiko wapi? Vyombo vimetuishia!"

Kidawa akakuna kichwa. Wakatafuta huku, wakatafuta kule. Wakakikuta chini ya ghala, buibui amekitandia utando juu, na viazi vya ndani vimeota majani yanachungulia kwenye kifuniko.

"Aa!" Kidawa akacheka. "Nilikisahau, mama."

Mama! Bi Nyati akageuza uso akalia, akasingizia vumbi la kunde. Vile viazi vilivyoota wakavipanda pamoja mlangoni.

Hadithi yangu inakomea kwenye tuta hilo la viazi, nanyi mwende nayo hivi: mtoto uliyempokea usimuulize kwanza kwa nini ana mwenendo huu, jiulize aliogopa nini kabla hajafika kwako.