Mwenye Nyumba, Uko?

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye nyumba?

Akae.

Asiye na nyumba?

Asogee, tumpishe.

Haya, sogeeni. Wadogo mbele, wakubwa nyuma, na mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe anyamaze.

Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa wakisemezana na wanyama, palikuwa na hondohondo wawili, mume na mke. Mume aliitwa Hondo. Mke aliitwa Sikudhani. Hondohondo mnamjua. Ndiye yule ndege mwenye mdomo mkubwa kama ndizi, akiruka mbawa zake hulia vuu! vuu! vuu! hata aliyelala akaamka.

Hawa wawili hawakuwa na nyumba. Walilala tawini. Mvua ikinyesha, yao. Jua likiwaka, lao. Siku moja Hondo akaja kwa haraka, vuu! vuu! vuu!

"Mke wangu, nimepata shimo! Liko juu ya mvule, kule bondeni. Njoo ulione."

Sikudhani akaenda. Akaingiza kichwa. Akaingiza shingo. Akaingia mzima, akajigeuzageuza humo ndani, akatoka.

"Shimo ni zuri," akasema. "Lakini mlango mpana. Nyoka ataingia. Kicheche naye atapitisha mkono."

"Tutauziba."

"Nani atauziba?"

"Mimi nje, wewe ndani."

Ndivyo wanavyojenga hondohondo, tangu enzi hizo hadi leo. Mke huingia shimoni. Mume huenda mtoni kuchukua udongo. Hondo akaenda, vuu! Akarudi, vuu! Akampa mkewe nusu, nusu akabaki nayo. Paa! Akapaka kwa nje. Paa! Sikudhani akapaka kwa ndani. Wakaenda hivyo, paa! paa! paa!

Lakini udongo wa mto ule ulikuwa na mchanga mwingi. Ulipokauka, ulimomonyoka. Sikudhani akafikiri. Watu wakijenga, huchanganya udongo na nyasi ili ushike. Yeye humo ndani hakuwa na nyasi. Akageuza mdomo, akajinyonyoa unyoya wa kifuani. Akauchanganya na tope. Tope likashika. Akanyonyoa wa pili. Akanyonyoa wa tatu. Kifua kikaisha, akahamia mbawani. Mbawa zikaisha, akahamia mkiani.

"Mke wangu, inauma?" Hondo akauliza.

"Inauma. Lete udongo."

Siku ya nne ukuta ulikuwa mgumu kama jiwe. Pakabaki upenyo mwembamba tu, wa kupitisha ncha ya mdomo. Hondo akabaki nje. Sikudhani akabaki ndani, hana unyoya hata mmoja.

Sasa kila asubuhi, jua lilipochungulia, Hondo alikuja na chakula. Hakukiingiza tu akaenda zake. Alitua, akabisha. Ngo! Ngo! Ngo!

"Mwenye nyumba, uko?"

"Niko. Na wewe mwenye nyumba mwenzangu, umeniletea nini?"

"Panzi."

"Wa jana au wa leo?"

"Wa leo, mama. Bado anarusha miguu."

Wakacheka wote wawili. Hondo akapitisha panzi penye upenyo, na ncha za midomo yao zikagusana. Tik! Halafu akaruka, vuu! vuu! vuu!

Kila siku panzi. Kila siku maneno yale yale. Sikudhani akataga mayai mawili, akayaatamia. Nao makinda wawili humo ndani ya mayai walisikia, ngo! ngo! ngo! Wakatotolewa, wakiwa uchi kama mama yao.

Asubuhi moja jua likachungulia. Sikudhani akatega sikio. Kimya.

Jua likapanda. Kimya.

"Leo amekwenda mbali," akawaambia makinda. "Panzi wa karibu wamekwisha."

Mara, vuu! vuu! vuu! Sikudhani akainuka, akaweka mdomo penye upenyo. Ndege akapita zake. Hakuwa Hondo. Saa nyingine tena, vuu! vuu! vuu! Akainuka tena. Siku ile kila bawa lililolia lilikuwa la Hondo, mpaka lipite.

Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa akasikia mtu anatua tawini. Huyu hakubisha. Aliita tu.

"Shemeji! Shemeji Sikudhani!"

Alikuwa Kipembe, mdogo wake Hondo, tumbo moja.

"Shemeji, kozi ameshuka toka angani, amemchukua kaka. Nilikuwa ng'ambo ya mto, nikaona kwa macho yangu. Nimekaa siku mbili nikitafuta pa kuanzia kukuambia. Manyoya yake yako pale kando ya maji. Na chini palikuwa na panzi, bado anarusha miguu."

Sikudhani hakulia kwa sauti. Alisogeza jicho penye upenyo, akatazama upande wa mto. Akatazama mpaka jua likazama. Makinda wakalia, chii! chii! Yeye bado anatazama.

Siku ya kwanza Kipembe akawaletea tunda. Siku ya pili akawaletea nusu tunda. Siku ya tatu akaleta maneno.

"Shemeji, mti wetu umeangushwa na upepo. Mke wangu Mwasiti yuko karibu kutaga. Hii nyumba ni ya kaka, na cha kaka hurudi kwa ndugu zake. Toka, tuingie."

"Nitoke niende wapi, shemeji? Manyoya yangu hayajaota. Siwezi kuruka."

"Rudi kwenu."

"Na watoto?"

"Watoto ni wa ukoo. Tutaona."

"Mtaona nini?"

"Tutaona tu."

"Nyumba hii nimeijenga na mume wangu."

Kipembe akacheka, kwa! kwa! kwa! "Wewe? Umejenga lini? Bonde zima lilimwona kaka akibeba udongo. Wewe ulikuwa ndani, unalishwa panzi. Kiumbe hana hata unyoya wa mkiani, atakuwa na nyumba!"

Sikudhani akawafunika makinda. Alijua nje kuna nini. Mama asiyeruka na makinda wasio na manyoya, wakilala chini usiku mmoja, kicheche hatawaacha.

Kesi ikapelekwa kwa Bibi Muhanga. Mnajua kwa nini? Kwa sababu muhanga ndiye mchimbaji. Nusu ya wanyama wa pori lile walilala katika mashimo aliyochimba yeye. Ngiri kwake. Nungunungu kwake. Mambo yote ya nyumba yakapelekwa kwake. Macho yake mabovu, lakini pua, wacha!

Akaja jioni, akakaa chini ya ule mvule. Wanyama wakamzunguka. Kipembe akakaa tawini, na Mwasiti mkewe pembeni yake, mkia mrefu umetulia.

"Aliyejenga nyumba hii ni nani?" Bibi Muhanga akauliza.

"Hondo!" Kima akaruka. "Mimi nilikuwa pale kwenye mkuyu, nakula. Nilimwona siku nne akienda na kurudi. Mpaka mimi nikachoka."

"Wewe ulichoka kwa kula," Ngiri akamwambia. "Bibi, hata mimi nilimwona Hondo. Nilikuwa nakunywa maji. Tope alilonidondoshea, ninalo mgongoni mpaka leo."

Mkutano ukacheka.

"Na mkewe, mlimwona?"

"Mkewe, hapana," akasema Kima.

"Mimi pia, hapana," akasema Ngiri.

"Nani alimwona mkewe akijenga?"

Kimya. Jani likaanguka, likasikika.

Humo ndani Sikudhani alisikia yote. Alitaka kusema, lakini hakuthubutu. Hakuwahi kusema mbele ya mkutano. Shahidi wake alikuwa mmoja tu, na kozi alikuwa amemchukua. Akatamani kusikia ngo! moja tu. Moja tu, halafu sauti ile iseme, jamani, yumo, tulijenga wote. Akatega sikio kana kwamba itakuja. Haikuja.

"Mwanangu," Bibi Muhanga akaita, "toka tukuone."

Kutoka ni kubomoa. Na upande wa pili wa tope lile ndipo mdomo wa Hondo ulipopita, akilainisha. Sikudhani akaegemeza kichwa ukutani kidogo. Halafu akainua mdomo, akapiga.

Ngo!

Makinda wakashtuka, wakainua vichwa, wakafumbua midomo. Walidhani baba amekuja.

Sikudhani akafumba macho. Ngo! Ngo! Ukuta ukapasuka, kipande kikaporomoka, pu! mbele ya miguu ya Bibi Muhanga. Sikudhani akatoka, akasimama mlangoni, mwili mtupu, vinyoya vipya ndiyo kwanza vinachomoza kama miiba.

"Mnaona?" Kipembe akapaza sauti. "Huyu ndiye mwenye nyumba!"

Wengine wakacheka. Bibi Muhanga hakucheka. Alikuwa amekishika kile kipande, anakinusa. Akanusa upande wa nje. "Hondo," akasema. Akakigeuza. Akanusa upande wa ndani. Akanusa tena. Akang'ata kitu kwa meno, akakivuta kutoka katika tope. Unyoya mweusi. Akavuta mwingine. Mweusi. Akavuta mrefu mweupe, wa mkiani.

"Sikudhani, manyoya yako yako wapi?"

"Yamo ukutani, bibi." Sauti ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia. "Udongo ulikuwa haushiki."

"Manyoya huota tena!" akasema Kipembe.

"Na udongo, shemeji," Sikudhani akajibu, "huko mtoni umekwisha?"

Kima akapiga makofi. Kabla Kipembe hajasema tena, Mwasiti mkewe akashuka. Akatua chini, akautazama ule unyoya mrefu mweupe. Akageuza shingo, akautazama mkia wake mwenyewe.

"Mume wangu, nikiingia humu, nami nitanyonyoka hivi?"

"Ndiyo kujenga, mke wangu."

"Nitapaka kwa ndani, wasinione?"

"Ndiyo desturi."

"Na siku kozi akikuona wewe?"

Kipembe akatazama juu angani.

"Una wadogo wangapi?"

"Watatu."

"Basi mimi siingii. Nyumba anayotolewa mwenzangu leo, kesho nitatolewa mimi. Katafute mti mwingine. Na safari hii, kabla sijang'oa hata unyoya mmoja, mwite Kima aje achungulie, na Ngiri, na bonde zima. Waseme walituona wawili."

Mkutano ukacheka, lakini kicheko kilikuwa kingine. Kipembe akainamisha mdomo wake mkubwa mpaka ukagusa kifua.

Bibi Muhanga akasema, "Nimechimba nyumba nyingi. Nyumba ni ya walioijenga. Mmoja hayupo. Mwingine huyu hapa. Na wanaomrithi aliyekwenda wamo ndani, wanalia njaa. Kipembe, wewe ni baba mdogo. Ukija hapa utaheshimiwa. Lakini utabisha hodi."

Mkutano ukavunjika. Sikudhani akabaki katika nyumba yake.

Asubuhi iliyofuata likawekwa tunda mlangoni. Tunda zima. Aliyeliweka alibisha, tena polepole, halafu akaruka kabla hajaulizwa ni nani.

Siku zikaenda. Sikudhani akawa anadundadunda tawi kwa tawi mpaka kwenye mkuyu, anawaletea makinda chakula. Manyoya yakaota. Ya kifua, ya mbawa, mwisho mkia. Siku aliyoweza kuruka, hakwenda penye matunda kwanza. Alikwenda mtoni.

Akatua pale pale kando ya maji. Manyoya mengi upepo ulikuwa umeshayachukua. Ulibaki mmoja, umenasa kwenye majani. Akausimamia kwa muda mrefu. Akatazama juu. Akatazama ng'ambo. Akasikiliza. Halafu akachota udongo, akaokota ule unyoya, akaruka, vuu! vuu! vuu!

"Wanangu, mlango u wazi. Mimi nje, ninyi ndani."

Makinda wakapokea udongo. Paa! Sikudhani akapaka kwa nje. Paa! Paa! Wao wakapaka kwa ndani, ovyoovyo kama watoto. Ule unyoya wa Hondo akauweka katikati ya tope, akalainisha juu yake kwa mdomo. Mlango ukazibika. Pakabaki upenyo.

Asubuhi jua likachungulia. Sikudhani akaja, panzi mdomoni. Akatua. Akasita. Halafu akabisha.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Wenye nyumba, mko?"

"Tuko!" Sauti mbili ndogo. "Na wewe mwenye nyumba mwenzetu, umetuletea nini?"

Sikudhani akashtuka. Hakuwafundisha.

"Panzi," akasema.

"Wa jana au wa leo?"

Sikudhani akageuka, akatazama upande wa mto. Mto ulikuwa mahali pake. Hakuna aliyekuwa akija.

"Wa leo," akajibu. "Bado anarusha miguu."

Akapitisha panzi penye upenyo, na ncha za midomo zikagusana. Tik!

Basi, wasikilizaji wangu, fundisho ni hili. Nyumba ya mume na mke ni ya wote wawili, aliyeonekana akibeba na asiyeonekana akiziba. Mmoja akiondoka, aliyebaki asifukuzwe, wala watoto wasifukuzwe. Na tusingoje kozi apite ndipo tuulizane nyumba ni ya nani. Tuseme mapema, mbele ya watu.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Sikudhani. Anayepita na apite salama. Anayetaka kuingia, abishe hodi.