Njema ya Mlangoni

Njema ya mlangoni haijafika jikoni. Jana mlinisikia nikimwambia hivyo mwenzenu aliyerudi na karatasi ya majibu ya wajitoleaji iliyojaa "nzuri, nzuri, nzuri", mkacheka, kisha mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Haukutoka mbali. Ulizaliwa hapa hapa Singida, nyumbani kwa Bi Zamda, na siku hiyo nilikuwepo, nimembeba mgongoni mtoto mchanga wa jirani yangu Rahabu.

Wakati huo Elifuraha na wenzake wawili wa masomo ya jioni walikuwa wametengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha akina mama tarehe za kliniki za watoto wao. Waliiita Kumbusho. Ilikuwa programu huria, yaani walioitengeneza hawakuifungia. Yeyote aliweza kuisoma ilivyoandikwa ndani, kuirekebisha, na kumpa mwenzake bila malipo. Zahanati ya kata ilikubali kuwapa akina mama wote kuanzia mwezi uliofuata. Lakini kwanza toleo la majaribio lilipaswa kupita mikononi mwa watu wa kawaida, na kazi ya kuwatafuta watu hao akapewa Rahabu.

Rahabu alikuwa na sababu ya kuipenda kazi hiyo. Mwanawe wa kwanza alipitwa na chanjo ya surua kwa sababu kadi ilipotea wakati wa kuhama nyumba, akaugua mpaka tukadhani tumempoteza. Alipona, lakini mama yake hakusahau zile siku tisa. Alisema kama simu ingemwita mama mmoja tu kwa wakati wake, jasho lake lingekuwa limelipwa.

Basi akasimama kwenye foleni ya kupima watoto uzito, anaeleza, anajibu maswali, anashika watoto wa watu huku wa kwake akiwa kwangu. Alipata wajitoleaji arobaini. Kila mmoja alimwandika jina, mtaa, na aina ya simu yake. Kila Ijumaa aliwapigia mmoja mmoja na kuwauliza habari za Kumbusho. Wote walijibu njema. Elifuraha akaiandika ile arobaini kwa chaki ubaoni, kubwa, akasema hata maandazi ya mama yake hayajawahi kusifiwa na watu arobaini kwa mkupuo.

Mtu mmoja tu alijibu mara moja, kisha akawa mgumu kupatikana. Bi Zamda, aliyekuwa akimlea mjukuu wake Hawa, ukimpigia asubuhi simu yake haiko hewani. Zilipobaki siku kumi programu itolewe, Rahabu akaamua tumfuate kwake.

Tulipiga hodi, tukakaribishwa. Habari za hapa, njema. Habari za mtoto, njema. Za Kumbusho je? Njema, mwanangu, hongereni sana, Mungu awazidishie. Rahabu akaandika "njema" kwenye daftari, akashukuru, akageuka tuondoke. Tungeondoka kweli, ila Bi Zamda alikuwa na viazi vitamu jikoni, na mgeni kwake haondoki na tumbo tupu. Akatuvuta ndani.

Ukutani, juu ya mafiga, kulikuwa na maandishi ya mkaa: HAWA KLINIKI ALHAMISI. Rahabu aliyasoma mara mbili.

"Bibi, haya ya ukutani ni ya nini?"

"Ya kunikumbusha siku ya Hawa."

"Na simu?"

Bi Zamda akachoma kiazi kwa kijiti kuona kama kimeiva. "Simu haijaniita hata mara moja, mwanangu."

"Mbona sasa hivi umeniambia njema?"

"Ulitaka nikwambie nini, umesimama na jua kichwani na huyu mwenzako kabeba mtoto? Ile ilikuwa njema ya mlangoni. Haijafika jikoni. Mtu kakuletea zawadi, hata hajakaa, unaanza kumtajia matobo yake? Tena nilijua ni simu yangu, imezeeka kama mimi."

Haikuwa uzee wa simu. Nyumba yake haikuwa na umeme, kwa hiyo kila asubuhi simu ilizimwa ikapelekwa kwa kinyozi kuchajiwa, ikarudi adhuhuri. Kumbusho iliita mara moja tu, saa mbili asubuhi. Ikikuta simu imezimwa, basi, siku imepita. Waliotengeneza walikuwa na umeme vitandani mwao. Hawakuwahi kufikiri kuna simu inayolala mchana.

Rahabu akafunga daftari. Akavuta kigoda, akaomba aonyeshwe kila kitu tangu simu inapowashwa, na tulikaa pale mpaka viazi vikaisha.

Elifuraha hakupokea vizuri.

"Watu arobaini wamesema njema," alisema, "wewe unaniletea habari za ukuta wenye mkaa."

"Nimekuletea habari za mtoto ambaye angekosa kliniki kama bibi yake asingekuwa na mkaa," Rahabu akamjibu. "Tukiitoa hivi, akina mama wataziacha kadi zao, wataiamini simu. Halafu simu itanyamaza."

Hakuendelea kubishana naye. Kesho yake alianza upya, nyumba kwa nyumba, na mimi nyuma yake na mtoto mgongoni. Safari hii hakumuuliza mtu habari. Aliingia jikoni, akashika sufuria la mboga akaanza kuchambua, na katikati ya mchicha ndipo aliposema: hebu nionyeshe ulivyoitumia mara ya mwisho. Kwa siku sita tulifika nyumba thelathini na moja. Katika kumi na nne kati ya hizo, simu haikuwa imeita. Mama mmoja alikuwa amefunga fundo kwenye pindo la khanga asisahau tarehe. Mwingine alikuwa akimtegemea mama mkwe. Wote walikuwa wamesema njema, kwa sababu hawakutaka kuwavunja moyo vijana waliohangaika bila malipo kwa ajili yao. Nawaambieni, sijaona watu wenye adabu kama wale, wala sijaona mwanamke mvumilivu kama Rahabu, aliyewaondolea adabu hiyo polepole bila kumwaibisha hata mmoja.

Elifuraha alilisoma lile daftari akiwa amesimama. Alipomaliza alifuta arobaini yake ubaoni kwa kiganja, akaenda zahanati kuomba wiki mbili zaidi. Muuguzi mkuu alimfokea, maana tangazo la siku ya kuanza lilikuwa limeshasomwa msikitini na makanisani. Alifokewa akakubali, wala hakumtaja Rahabu. Kisha akarekebisha: simu ikiwashwa tu, Kumbusho ianze kwa kutazama kama kuna siku iliyopita bila kuita, na iite mpaka mama abonyeze kwamba amesikia.

Siku ya kulijaribu toleo jipya alikwenda mwenyewe kwa Bi Zamda. Simu ilikuwa kwa kinyozi tangu alfajiri. Iliporudi adhuhuri tulikuwa jikoni wote, tumekodoa macho. Bi Zamda akaiwasha. Kimya. Halafu ikaita, ikaita, na Bi Zamda akaiacha iite, anatabasamu, kama mtu anayesikiliza jina lake likitajwa harusini.

Elifuraha akatoa kalamu, akauliza, "Kwa hiyo sasa ni njema, bibi?"

"Kuita, inaita. Nashukuru sana, baba." Bi Zamda akamsogezea kigoda. "Sasa kaa. Maandishi yake ni madogo, siyaoni mpaka nitoke nje. Na jina la Hawa mmeliweka chini kabisa, kwa nini? Kaa, yako mengi."

Elifuraha akakaa. Siku hiyo alitoka na mambo saba, na yote saba aliyarekebisha kabla toleo hilo halijafika kwa mama mwingine yeyote.

Kwa hiyo kesho mtakapokwenda kwa wajitoleaji wenu na hizo karatasi, mkiambiwa njema mlangoni ipokeeni kwa mikono miwili, mshukuru, ni heshima mliyopewa. Msiiandike bado. Ombeni mboga ya kuchambua. Njema ya mlangoni haijafika jikoni.