Msokota Kamba na Daftari la Visima Saba

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja ulio mbali na mto paliishi mwanamke mchamungu aitwaye Umaima binti Dhamra, Mola amrehemu. Kazi yake ilikuwa kusokota kamba za nyuzi za mtende. Aliirithi kazi hiyo kwa babake, na alipofiwa na mume aliwakusanya nyumbani kwake wajane watatu wasokote pamoja. Mmoja wao alikuwa shangazi yake, Bi Khaula, mwanamke mwenye swala nyingi na maneno mengi.

Mwaka huo soko lilikuwa baridi. Kamba zilirundikana ukutani, na wajane wale wakaanza kula mlo mmoja kwa siku. Hapo Umaima akaelekeza fikira zake kwenye Nyumba ya Visima.

Nyumba ya Visima ilikuwa ofisi ndogo ya liwali, yenye chumba kimoja, mkuu mmoja na karani mmoja. Ilivitunza visima saba vya umma, na kila mwaka mwezi wa Shaabani ilipokea bei za wanaotaka kuiuzia vitu kwa mwaka unaofuata. Mkuu wake, Sheikh Dhakwani, alikuwa mtu muadilifu. Alikuwa ameweka desturi kwamba kila Alhamisi baada ya swala ya Alasiri karani aketi mlangoni, asome kwa sauti kila kilichonunuliwa, na anayetaka kuuliza aulize na ajibiwe bila hasira.

Umaima hakutaka kupeleka bei kwa kubahatisha. Alisema moyoni, "Asiyejua mnunuzi anahitaji nini, atamuuzia asichokihitaji." Basi akaenda Alhamisi ya kwanza, akaketi kwenye jamvi pamoja na wauza ngozi na wauza mafuta, akasikiliza.

Karani Wahbi alisoma: "Ndoo za ngozi, nne. Mafuta ya taa, chupa mbili. Kamba, thelathini, kutoka kwa Harithi msokota kamba."

Alhamisi nyingine Umaima aliuliza, "Ewe karani, kamba hizo thelathini ni za muda gani?"

"Za mwezi mmoja, mama."

"Na mwezi uliopita?"

Karani akafunua kurasa. "Thelathini. Na uliotangulia, thelathini. Ni hivyo kwa miaka sita sasa, alhamdulillahi, hatujachelewa hata mwezi mmoja."

Umaima alirudi nyumbani akawaeleza wenzake. Bi Khaula aliacha kusokota.

"Kamba thelathini kwa visima saba?" akasema. "Kwani wanazila?"

"Sijui, shangazi."

"Mimi najua. Huyo Harithi na huyo karani wanagawana. Alhamisi ijayo simama mbele za watu useme. Watamfukuza Harithi, na kazi itakuja hapa. Tena utapata thawabu."

Maneno hayo yalikuwa matamu, kwa kuwa yalimpa haki na riziki kwa mkupuo mmoja. Lakini Umaima aliogopa. Akasema, "Nikimdhania mja wa Mwenyezi Mungu wizi naye hajaiba, nitamjibu nini Siku ya Hesabu? Niache kwanza nikaangalie."

"Kaangalie," akasema Bi Khaula. "Mimi nitakaa hapa nimdhanie kwa niaba yako."

Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya bei kupelekwa. Kila asubuhi baada ya kuswali Alfajiri, Umaima alikwenda kwenye kisima kimoja. Katika kisima cha kwanza alikuta kipande cha kamba kimetupwa. Alikifumua kwa vidole vyake, kama mtu anayechambua mchele. Nyuzi zilikuwa nzuri, na msokoto ulikuwa umekaza. Ilimbidi akiri mbele ya nafsi yake kwamba kamba ya Harithi ilikuwa bora kuliko yake. Basi kwa nini imekatika?

Akainama juu ya ukingo wa kisima. Jiwe lilikuwa na mifereji mirefu, iliyochimbwa na kamba za miaka mingi, na kingo za mifereji ile zilikuwa kali kama kisu. Kila ndoo iliyovutwa ilikuwa inaisugua kamba kwenye jiwe. Akamwuliza mama mmoja aliyekuja kuteka, "Kamba hii itadumu siku ngapi?"

"Siku sita, mwanangu. Ikikatika tunamwambia karani, naye huleta nyingine siku hiyohiyo. Hatuna la kumlaumu." Akacheka, akaonyesha viganja vyake vilivyojaa malengelenge. "Ila mikono hii hakuna anayetuletea mingine."

Kisima cha pili kilikuwa hivyohivyo, na cha tatu, hata cha sita. Kufika cha saba, Umaima aliona miti miwili imesimamishwa juu ya mdomo wa kisima, na kati yake kapi, yaani gurudumu dogo la mti ambalo kamba hupita juu yake. Kamba yake ilikuwa nyeusi kwa uzee. Walimwambia haijabadilishwa tangu Ramadhani iliyopita.

Akaelewa yote. Hapakuwa na mwizi. Visima sita vilikuwa vikila kamba tano tano kila mwezi, na daftari, ambalo lilisema kweli tupu, liliziandika zote mahali pamoja, nalo halikuulizwa kwa nini.

Lakini pamoja na kuelewa kulikuja mtihani. Bei yake ilikuwa tayari imeandikwa na kutiwa muhuri: kamba thelathini kwa mwezi, kwa bei ndogo kuliko ya Harithi. Akinyamaza, wajane wanne watapata kazi mwaka mzima. Akisema, ofisi itahitaji kamba chache mno, na hakuna atakayepata kitu.

Bi Khaula aliposikia, alishika kichwa. "Ulikwenda kumtafuta mwizi wa kamba, umerudi umeziba mdomo wa chungu chetu wenyewe. Mwanangu, kwani kunyamaza ni kusema uongo?"

Umaima akasema, "Shangazi, uliiona mikono ya yule mama?"

"Sikuiona."

"Mimi niliiona."

Bi Khaula alichukua nyuzi zake, akaendelea kusokota.

Alhamisi ilipofika, Umaima alingoja karani amalize kusoma. Kisha akaeleza mbele ya wote, kisima kwa kisima, na kukitoa kile kipande cha kamba. "Kamba ya Harithi haina kasoro," alisema. "Ni bora kuliko yangu. Msihangaike na kamba. Simamisheni kapi sita."

Karani Wahbi alipigwa na bumbuazi. "Lakini mama, wewe ulikuja kuuza kamba."

"Nilikuja kuuza kamba," akajibu. "Sikuja kuuza kukatika kwake."

Sheikh Dhakwani aliinamisha kichwa. Akasema, "Miaka sita tumesoma daftari hili mbele za watu na kumshukuru Mola kwa uaminifu wetu. Wala hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kisimani kuinama." Siku hiyohiyo akamwita seremala.

Umaima alirudi nyumbani mikono mitupu. Siku ya tatu mlango ulibishwa, na aliyesimama nje alikuwa Harithi mwenyewe, mzee mwenye ndevu nyeupe. Umaima akajitayarisha kulaumiwa.

"Binti yangu," akasema Harithi, "umeniondolea kazi yangu."

"Nisamehe, baba."

"Ngoja nimalize. Miaka sita nimesikia kamba zangu zinakufa kwa siku sita. Nilidhani mikono yangu imedhoofika. Nilikuwa nakaza msokoto mpaka vidole vinatoka damu, na kila usiku nikimwomba Mola anirudishie ufundi wangu. Kumbe ni jiwe." Akatabasamu, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Kwa ajili ya kamba hizo niliwaacha wateja wangu wa kamba za vitanda. Wananitafuta mpaka leo, nami sasa nataka kusokota chache kwa raha. Wachukue wewe."

Bi Khaula, aliyekuwa nyuma ya pazia, akasema, "Karibu ndani, Sheikh Harithi. Nina dhana moja nataka uniwie radhi, lakini kwanza kunywa maji. Ni ya kisima chenye kapi."

Basi ndugu zangu, tujue tunachokiuza, na tujue shida ya anayenunua. Ukiiona shida hiyo kwa macho yako, mwambie, hata kama ndiyo iliyokuwa ikulishe. Mwenye kutoa riziki hakuiweka yote ndani ya daftari moja.