Seli za Namba Kumi na Saba

Sogeeni karibu. Kuna kesi imewashinda wasomi, labda nyinyi mtaiweza.

Katika maabara moja walikuwamo watatu. Sekiete alijua kukata jeni moja ndani ya seli ya binadamu bila kugusa nyingine. Hamduni alijua kuzisoma jeni herufi kwa herufi. Nyamizi, yeye alijua kulea: mpe seli moja tu, atakurudishia chupa nzima.

Walitakiwa kuiondoa jeni inayopiga mbiu mwilini vijidudu vikiingia, nakala zake zote mbili zilizomo ndani ya seli. Ukitaka kujua kazi ya mpiga mbiu, mnyamazishe uone kitakachoharibika.

Sekiete alikata, akashindwa mara nne. Mwingine angesusa. Yeye alibadilisha mahali pa kukata, na mara ya tano ikakatika.

Nyamizi akatenga seli arobaini, kila moja kwenye kishimo chake cha sahani ya maabara, akazilisha wiki sita. Hata siku ya harusi ya mdogo wake alitoroka ukumbini kwenda kuzilisha. Namba kumi na saba ilikua kwa kusuasua.

"Hiyo imekufa, dada, tupa," wenzake wakasema.

"Sawa," akaitikia, kisha akaificha ndani kabisa ya kabati la joto zinamokuzwa seli.

Hamduni ndiye aliyeharibu sherehe. Namba tatu ilikuwa imenawiri, ripoti imeandikwa, soda zimefunguliwa. Akaisoma tena.

"Jamani, jeni bado ipo. Nakala moja imekatika, ya pili nzima."

Sekiete alimnunia siku mbili. Hamduni akazisoma zote zilizobaki, hola. Ndipo Nyamizi, kwa aibu, akaitoa ile aliyoificha. Nakala zote mbili zilikuwa zimekatika.

Sasa imekuja nafasi moja ya kusomea uzamivu. Daktari Mkunde, mkuu wao, amemwita Nyamizi.

"Mwanangu, mimi nimeshindwa kuchagua kati yenu watatu. Nyinyi mnajuana. Andika jina moja, saa kumi nalituma."

Nyamizi hatulii. Amefungua kabati la joto mara tatu bila sababu, kosa analowagombezea wenzake kila siku. Nafasi hiyo anaitaka, anaitaka mno mpaka anajionea haya. Angewatii walipomwambia atupe, seli hizo zingeishia kwenye ndoo ya taka. Lakini bila Sekiete angelea nini? Na bila Hamduni, si wangekuwa wanasherehekea uongo mpaka leo?

Saa kumi kasorobo. Fomu iko mezani, kalamu anayo mkononi, na wenzake wako mlango wa pili wanacheka, hawajui lolote.

Haya, ingekuwa wewe, ungeandika jina la nani?