Hodi Isiyo na Miguu

Hodi isiyo na miguu haiambiwi karibu.

Juzi mlimsikia mwenye duka la vitambaa akimwambia mkewe maneno hayo, mkewe akaitupa simu kwenye kapu la nyuzi, na nyinyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Vizuri mmekuja kuniuliza mimi, maana wapo watu mjini humu watakaowaambia kwamba methali hiyo ni ya wahenga. Wahenga gani? Mhenga mwenyewe yu hai, jana nimemwona akibishana na muuza bamia. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Kwamkonge, mchana kweupe, ndani ya ukumbi wa kata, nami nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Asiyeamini akakiulize kiti.

Ilikuwa hivi.

Bi Mwanamvua Shemweta alikuwa akiwafundisha ushonaji wasichana walioachia shule njiani. Alifundishia barazani kwake, miaka minane, vyerehani sita. Mvua ikinyesha, vyerehani vinakimbizwa ndani kama kuku; kimoja kinaingia chumbani, kingine kinalala jikoni na masufuria, na somo limekwisha mpaka jua litakapopenda.

Basi kulikuwa na nyumba ya mizani, ile ambayo zamani kampuni ya mkonge ilikuwa ikipimia katani. Kampuni iliondoka, nyumba ikarithiwa na popo. Kata ikatangaza kwamba anayeitaka aje aeleze ataifanyia nini, kila mmoja apewe robo saa mbele ya wajumbe. Wakajitokeza wawili tu. Wa kwanza Bwana Ngoda, aliyetaka kuifanya banda la kuonyeshea mpira. Wa pili Bi Mwanamvua. Kwake yeye, nyumba ile ilikuwa ni kupata au kufunga darasa, kwa kuwa masika yalikuwa yanakaribia na baraza lake lilikwisha kuoza paa.

Sasa mjue tabia yake. Mama yake alimlea kwa sheria moja: hodi haiachwi bila karibu. Na yeye aliishika sheria hiyo mpaka ikapitiliza. Kuna mbuzi aliyegonga mlango kwa pembe, akakaribishwa, akatengewa kiti. Kuna radi iliyopiga hodi mwezi wa nne, Bi Mwanamvua akaitika kutoka jikoni, "Karibu!" Mvua ikaingia, ikakaa siku nne, na ilipoondoka ikaaga. Haya niliyaona mwenyewe, ila la kuaga nilisimuliwa.

Mtu wa namna hiyo akapewa kompyuta mpakato na wanafunzi wake wa kwanza. Akajifunza taratibu mpaka akawa anaweka picha za kazi zao zote mle ndani, na akajua kufungua kile kivinjari, ile programu ya kuingilia kwenye mtandao. Kila ukurasa aliofungua, kijisanduku kilichungulia kutoka pembeni: "Tovuti hii inaomba ikutumie arifa." Chini yake maneno mawili: Ruhusu. Zuia.

Mimi na wewe tungeona vitufe. Yeye aliona mgeni amesimama mlangoni, ameshika kofia mkononi. Amzuie? Mtoto wa watu, kaja mpaka hapa? Akabonyeza Ruhusu. Na kesho yake Ruhusu. Siku moja akapakua programu ya bure ya kuchorea vipimo vya nguo, nayo ikamuuliza maswali mengi kwa maandishi madogo kama chawa. Kila swali akalijibu kwa adabu: Nakubali, Endelea, Nakubali. Kumbe kila "nakubali" ilikuwa na mgeni wake nyuma ya mlango.

Siku ya kueleza ikafika, Jumatatu, saa nne asubuhi. Ngoda alianza, akazungumza dakika sita, akapigiwa makofi na vijana wa mpira. Akafuata Bi Mwanamvua. Kompyuta ikaunganishwa kwenye projekta na mtandao wa ukumbi, na ukuta mzima ukawa kioo. Picha ya kwanza ikatokea, sare za shule thelathini zimetundikwa kwenye kamba. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Mara juu ya sare kikaibuka kijisanduku: "Pongezi! Umeshinda gari!" Akakifunga. Kikaja kingine: "Punguza tumbo kwa siku tatu." Akakifunga. Cha tatu kikatangaza kwa herufi nyekundu, mbele ya sheikh upande huu na mchungaji upande ule: "Wachumba watatu wako karibu nawe." Diwani, Mheshimiwa Kupaza, akajikuta anatazama waliokaa jirani naye.

"Bi Mwanamvua!" Ngoda akapaza sauti. "Hilo ndilo darasa lenyewe? Mimi nijiandikishe wapi?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Bi Mwanamvua akaona heri arukie kwenye silaha yake kubwa, habari iliyoandikwa na gazeti moja la mtandaoni kuhusu mwanafunzi wake ambaye sasa anashona magauni ya harusi Dodoma na ameajiri wenzake wanne. Akaandika jina la gazeti kwenye kivinjari. Kivinjari kikaenda zake kwenye kamari. Akarudi nyuma, akaandika tena. Kikampeleka kwa muuza dawa za nywele. Robo saa ikakatika hivyo.

Diwani alikuwa mtu wa haki. Akasema, "Mashine imemuangusha, hakujiangusha. Apewe robo saa nyingine Alhamisi. Ikishindikana Alhamisi, nyumba ni ya Bwana Ngoda."

Bi Mwanamvua alirudi nyumbani, kompyuta kwapani. Usiku akafungua kompyuta aone la kufanya, na kioo kikamlilia kwa king'ora: "Kompyuta yako ina virusi 17! Bonyeza hapa isafishwe!" Akashusha pumzi. Angalau mmoja kati ya wageni wake alikuwa muungwana. Akabonyeza. Asubuhi vijisanduku vilikuwa vinapandana kama kumbikumbi.

Ndipo akaibeba kompyuta mpaka kwa Semeni, fundi wa simu na kompyuta pale stendi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa waya na ulimi usiofungwa chochote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nisaidie, nimerogwa."

Semeni akatazama kioo. "Hujarogwa. Umejaa wageni. Uliwaita lini?"

"Sikumwita mtu! Wenyewe walibisha."

"Na yule wa virusi kumi na saba?"

"Alikuja kusafisha."

"Mama, mtu akupite njiani aseme una kunguni kumi na saba kitandani, amewahesabu lini?" Akachomeka flashi, akazihamisha kwanza picha zote. "Hizi zikae pembeni kwa usalama. Wapo watakaokwambia tuifute kompyuta nzima. Hakuna haja, mwenye kunguni hachomi nyumba."

Akafungua orodha ya programu, akaipanga kwa tarehe. Siku ile ile ilipoingia programu ya vipimo, ziliingia nyingine tatu, majina yake hata Bi Mwanamvua hakuwahi kuyasikia. Na juu kabisa, bado wa moto, alikaa yule msafishaji wa usiku uliopita. Semeni akawaondoa wote mmoja mmoja. Akaingia kwenye kivinjari, akakuta kiongezo, kijiprogramu kilichojipachika humo, kinachojiita Msaidizi wa Bei Nafuu, ambacho ndicho kilichokuwa kikimteka kila anapotafuta kitu. Akakitoa, akarudisha ukurasa wa kwanza na tovuti ya kutafutia ya zamani. Kisha akaiamuru kompyuta ijipekue yenyewe kwa mlinzi wake wa ndani, ile programu ya kukamata virusi, nayo ikajipekua saa nzima wakinywa tangawizi.

Halafu akafungua mipangilio, mahali pa arifa, penye majina ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma vijisanduku. Orodha ikashuka, ikashuka, ikashuka. Semeni alisema tovuti mia mbili na kumi na nne. Mimi nawaambia zilikuwa elfu mbili, na ya mwisho ilikuwa inatoka mwezini.

"Hawa wote uliwaambia Ruhusu," Semeni akasema. "Sasa waondoe wewe mwenyewe."

Bi Mwanamvua akamsukumia kompyuta. "Waondoe wewe, mwanangu. Mimi sijawahi kumfukuza mtu aliyenipigia hodi."

"Nikiwaondoa mimi, wiki ijayo utawakaribisha tena. Hebu niambie, mama. Mtu akibisha kwako mchana, mlango uko wazi, pazia limeshuka. Kabla hujasema karibu, macho yako yanakwenda wapi?"

Bi Mwanamvua akashangaa swali lile. "Yanakwenda chini. Chini ya pazia."

"Unatafuta nini?"

"Miguu! Si naona ni ya nani? Kandambili za Mama Chausiku nazijua, viatu vya mwalimu navijua. Miguu nisiyoijua nauliza, nani mwenzangu?"

"Na ukiisikia hodi, ukatazama chini ya pazia, ukakuta hakuna miguu?"

"Astaghfirullah!" Bi Mwanamvua akashika kifua. "Hodi bila miguu? Nafunga mlango, nasoma dua!"

Semeni akamgeuzia kioo. "Basi nionyeshe miguu ya hawa."

 Bi Mwanamvua akasogeza uso, akaisoma ile orodha toka juu. Majina ya tarakimu na herufi zilizokorogwa kama uji wenye madonge. Hakumjua baba wa hata mmoja. Taratibu akanyanyua kidole, akabonyeza Ondoa. Kisha akabonyeza tena. Kufika wa hamsini alikuwa amekunja mikono ya gauni, na kila akibonyeza anasema, "Toka! Na wewe toka! Tumbo la siku tatu, toka!" Watu wa stendi wakajaa mlangoni kumtazama mama wa "Karibu!" akifukuza wageni.

Walipomaliza, Semeni akamwambia, "Naweza kuweka kivinjari kisikubali kuulizwa kabisa. Hutasikia hodi tena."

"La," akajibu. "Nyumba isiyopigiwa hodi ni kaburi. Acha waulize. Nitatazama chini."

"Haya. Na programu ichukue kwa mwenyewe aliyeitengeneza, usome kila swali kabla hujasema endelea. Kisanduku kikikupigia king'ora, usibonyeze chochote ndani yake, hata alama ya kufunga, maana nayo wanaichora. Funga ukurasa mzima."

Alhamisi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Msidhani walikuja kwa ajili ya ushonaji. Walikuja kuwaona wale wachumba watatu. Ngoda alikaa mbele na mfuko wa karanga.

Picha zikaanza kupita. Sare, mashuka ya zahanati, joho la kwaya, kanzu ya maulidi. Miaka minane ikapita ukutani bila hata inzi mmoja kutua juu yake. Watu wakaacha kutafuna. Msichana mmoja akaliona gauni lake la kwanza, akalia. Kisha Bi Mwanamvua akaandika jina la lile gazeti, na kivinjari kikaenda moja kwa moja, kama punda anayejua kwao. Yule mwanafunzi wa Dodoma akatokea ukuta mzima, kashika mkasi, anacheka.

Na hapo hapo, pembeni juu, kijisanduku kikachungulia: "Tovuti hii inaomba ikutumie arifa."

 Karanga zikasimama njiani kati ya mfuko na mdomo wa Ngoda. "Haya, shangazi," akasema kwa sauti tamu, "mgeni huyo. Utamwacha nje, na adabu yako yote?"

Bi Mwanamvua hakugeuka. Alinyanyua pindo la kanga yake kidogo, akainama kama mtu anayechungulia chini ya pazia, akatazama sakafuni chini ya ule ukuta, kushoto, kulia. Akasimama wima, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Bwana Ngoda," akasema, "hodi isiyo na miguu haiambiwi karibu."

Akabonyeza Zuia. Kijisanduku kikatoweka, na msichana wa Dodoma akabaki anacheka peke yake.

Nimesikia mizinga ya sherehe, nimesikia bati la kiwanda likiezuliwa na upepo. Sijasikia kelele kama ile. Sheikh alimpiga mchungaji bega, mchungaji akamrudishia. Popo wa nyumba ya mizani, umbali wa kilomita nzima, walihama bila kungoja barua. Wajumbe wakapiga kura kwa mikono, ikakosekana mikono miwili tu, nayo ilikuwa ya mjumbe mmoja aliyekuwa amesinzia. Ngoda mwenyewe, mpeni haki yake, alisimama, akaja mbele, akamimina karanga zote kwenye kiganja cha Bi Mwanamvua. "Umenifunga goli la wazi, shangazi," akasema. Kisha akaomba amlete binti yake darasani.

Masika yalipofika, vyerehani vilikuwa kumi na vinne, chini ya bati zima, na hakuna kilicholala jikoni tena.

Alhamisi ile ile wanawake waliokuwa ukumbini wakayabeba maneno yale mpaka sokoni, wakamrushia muuza mitumba aliyeapa kwamba koti ni jipya. Kufika Ijumaa baba mmoja alikuwa amemjibu nayo mposaji aliyetuma ujumbe wa simu bila kutuma wazee. Methali ikishafika kwa wakwe, haina wa kuirudisha. Basi nanyi, kioo kikiwabishia, kikiwaahidi gari au kuwatishia virusi, msione haya na msione huruma. Tazameni kwanza chini ya pazia.

Hodi isiyo na miguu haiambiwi karibu.