Chui Aliyelazwa na Walezi wa Jabalini

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmepiga kelele mno. Kuna waliolala humu ndani. Haya tena, taratibu. Paukwa...

Pakawa...

Hapo sawa. Palikuwa na nini?

Palikuwa na wewe, utuambie!

Basi sogeeni, kila mmoja atafute bega la kuegemea, niwaambie.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiamkiana asubuhi na kuulizana wameamkaje, palikuwa na jabali kubwa katikati ya mbuga. Jabali hilo lilijaa mapango madogo madogo, na kila pango lilikuwa nyumba ya mlezi. Akina mama wa mbugani walikuwa na shughuli zao. Huyu kaenda malishoni, huyu kaenda kuchimba mizizi, huyu kaenda mtoni. Alfajiri waliwapeleka watoto jabalini, jioni wakawapitia. Mchana kutwa watoto walikuwa mikononi mwa walezi, wakila, wakilia, wakilala.

Pango la tatu kutoka chini alikaa Bi Pimbi. Mdogo! Ungeweza kumtia kwenye kapu la mayai na nafasi ikabaki. Mkia hakuwa nao, ila sauti alikuwa nayo, laini kama maziwa ya moto. Alikuwa akilea watoto saba: Swala wawili mapacha, Ngiri wawili wasio mapacha lakini wakipigana kama mapacha, Ngedere mmoja, Digidigi mmoja, na Ndama wa Nyati. Huyo Ndama alimshinda mlezi wake uzito mara arobaini, na bado hakukubali kulala mpaka abebwe mgongoni. Bi Pimbi alifanyaje? Alimwegemea tu ubavuni kwa mgongo wake, akayumba kidogo huku na huku, na Ndama akaamini amebebwa.

Walezi wale walikuwa na chama chao. Kila Ijumaa jioni, watoto wakishachukuliwa, walipanda juu ya jabali wakakaa duara. Wapita njia wakawa wanacheka: "Chama cha nini? Kulea nako kunataka kikao?" Walezi walisikia, wakaongezana chai.

Vikao vitatu vizima walibishania wimbo. Ndiyo, wimbo wa kulazia watoto. Kila mlezi alikuwa na wake, na hiyo ilikuwa taabu, maana mlezi mmoja akiugua, watoto wake wakihamishiwa pango la jirani, walilia mpaka jioni. Wimbo wa huko hawakuujua. Bi Kwale alitaka wa kwake, na kweli alikuwa na koo. Bi Nungunungu akanuna, akasimamisha miiba yote, ikabidi wenzake wasogee. Bi Kindi alipendekeza wapige kura, kisha akasahau alikuwa upande gani. Mwishowe wakatunga mmoja mpya, wa jabali zima:

Funga jicho, jua linapita,
funga la pili, upepo wapita,
mama yuaja, njia aijua,
mama yuaja, njia aijua.

Wakaweka na sharti. Wimbo ukianza haukatwi mpaka mtoto alale. Sauti ikimkauka mlezi, jirani aupokee hapo hapo alipo, bila kuuliza kuna nini.

Haya. Siku moja jua lilikuwa limesimama utosini. Upepo ulipita kwenye nyasi, shaaa, ukapumzika, ukapita tena, shaaa. Mawingu yalikuwa machache na hayakuwa na haraka. Bi Pimbi alikuwa ndiyo kwanza amewalaza watoto wake saba kwenye mkeka, na jikoni vyungu viwili vya uji wa alasiri vilikuwa vikipoa. Naye macho yalianza kuwa mazito.

Nyata. Nyata. Nyata.

"Hodi!"

"Karibu!" akaitikia Bi Pimbi, kabla hajaangalia ni nani.

Kosa la mlezi hilo. Mlango wake umezoea wazazi, na mdomo wake umezoea kukaribisha. Alipoinua macho, mlangoni palikuwa na Chui. Chui mwenyewe, wa ng'ambo ya mto, mwenye mabega mapana na madoa yanayong'aa, anayekula akashiba na akishashiba anakula tena.

"Habari za mchana, Bi Pimbi."

"Nzuri, Bwana Chui."

"Nasikia unalea vizuri. Nina mwanangu nataka kumleta. Nimekuja kutazama wanapolala." Alisema hivyo huku ulimi ukipanda puani, ukishuka, ukipanda. Macho yake yakapita mkekani. "Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita..." Alipofika saba akameza mate, gluku!

Moyo wa Bi Pimbi ukaanza: du, du, du. Akimbie? Watoto ni saba na mikono ni miwili. Apige kelele? Wataamka, watatawanyika, na Chui atadaka mmoja hapa, mmoja pale. Na watoto wale hawakuwa wake. Mama zao walimwachia. Jioni watasimama pale mlangoni, wachovu, wanyooshe mikono, na yeye ataweka nini kwenye mikono ile? Alipowaza hivyo aliogopa kuliko alivyomwogopa Chui mwenyewe.

Akashika kazi anayoijua.

"Karibu sana, mzazi," akasema. "Ila chama chetu kina utaratibu. Mzazi akija kutazama, hupokelewa vile vile atakavyopokelewa mwanawe. Auonje uji wetu, aujaribu mkeka wetu. Nikikuacha uondoke bila hivyo, wenzangu watanifukuza."

Utaratibu huo haukuwepo. Aliutunga pale pale, akiwa amesimama.

"Uji?" akauliza Chui.

"Wa mtama. Una ukwaju na asali. Vyungu viwili."

Chui akawaza. Watoto wamelala, hawaendi popote. Uji ni wa bure. Nianze na uji, nimalizie na nyama. Akainua chungu cha kwanza. Gugu, gugu, gugu! Kikaisha. Akainua cha pili. Gugu, gugu, gugu! Kikaisha nacho, akakilamba mpaka kikalia. Bi Pimbi akachukua kitambaa akampangusa mdomo kwa mazoea tu, na alikuwa amefika katikati ndipo akaona meno aliyokuwa akiyapangusa.

"Sasa mkeka," akasema.

Chui alifurahi. Mkekani angechagua vizuri. Akajitupa katikati, Swala kulia, Ngiri kushoto, akafumba macho. Alikuwa akingoja mlezi ageuke aende jikoni, aanze kunyakua.

Lakini Bi Pimbi alikuwa amelaza watoto tangu ujana wake. Anayejifanya amelala alimjua. Hubana macho kwa nguvu mpaka kope zinacheza. Akasema kana kwamba anaongea peke yake:

"Mtoto aliyelala kweli hutikisa mkia mara tatu."

Tiki, tiki, tiki! Mkia wa Chui.

"Na huinua mguu mmoja juu."

Mguu huo, juu!

"Na hutoa ulimi nje."

Ulimi huo, nje, na mate juu yake.

Yuko macho, akajisemea Bi Pimbi. Kicheko kilimpanda kooni akakimeza, maana hofu ilikuwa imetangulia kukaa hapo. Akaketi kando ya kichwa kile kikubwa, akaweka mkono wake mdogo mgongoni pa Chui, akaanza kumpigapiga. Pa. Pa. Pa. Kuna namna yake. Unaanza sawasawa na moyo wa mtoto, kisha unapunguza, na moyo wake unakufuata bila yeye kujua. Akaimba:

Funga jicho, jua linapita,
funga la pili, upepo wapita...

Akaimba, akaimba, akaimba. Mwanga wa mlangoni ukageuka rangi ya asali. Vumbi likaelea ndani yake, likipanda, likishuka, kama nalo linabembelezwa. Tumbo la Chui likaanza kupanda polepole na kushuka polepole, na ule uji wote ndani yake ukawa mzito na wenye joto. Kope zikaacha kucheza. Mkia ukalegea.

Ndipo sauti ya Bi Pimbi ikakauka. Kho! Alijaribu kumeza mate, hakuwa nayo. Wimbo ukakatika.

Jicho moja la Chui likafunguka. La njano. Kucha moja ikatoka, ikakuna mkeka, kwaru.

Na hapo, kutoka upande wa pili wa ukuta wa mawe, Bi Kwale akaupokea:

Mama yuaja, njia aijua...

Hakuuliza kuna nini. Alisikia wimbo umekatika, akaushika. Jicho la njano likafumba. Bi Kwale alipochoka akapokea Bi Nungunungu kutoka juu, kwa sauti yake ya puani. Akapokea Bi Kindi. Yakapokea mapango ya kulia na mapango ya kushoto, mpaka ikawa haijulikani nani anaimba na nani anapumua. Jabali lenyewe lilikuwa likiimba. Mbayuwayu waliokuwa wakizunguka angani wakapunguza mabawa. Nyasi zote za mbuga zikalala upande mmoja, na mto, nasikia, ulisimama kidogo kusikiliza, kisha ukaendelea kwa vidole vya miguu.

Krrr... krrr... krrr...

Bi Pimbi akainua mkono wa Chui, mkono wenye kucha, akauachia. Pwata! Ukaanguka kama nguo mbichi. Huyo sasa amelala.

Akachungulia nje, akawafanyia majirani ishara: njooni, muwachukue watoto. Wakaja kwa ncha za vidole, wakiimba. Bi Kindi akachukua Digidigi. Bi Kwale akachukua Ngiri, mmoja mmoja. Mapacha wakaenda na Bi Nungunungu, naye alikuwa amelaza miiba yake yote, sijapata kusikia tena. Ngedere alinyakuliwa kwa mkia. Ndama wa Nyati aliongozwa kwa sikio, akitembea usingizini na tabasamu, akiota kwamba amebebwa.

Akabaki Bi Pimbi na Chui. Naye angeweza kuondoka, lakini kila alipoinua mkono kutoka mgongoni mwa Chui, Chui aliguna na kutafuta. Mkono ukikosekana ataamka, na watoto wako mapango mawili tu kutoka hapo. Basi akakaa. Pa. Pa. Pa. Jua likashuka kitako, mkono wake ukafa ganzi, na yeye akakaa.

Jioni akina mama wakarudi. Jabalini mtoto hatolewi kimya kimya. Mlezi husimama akaeleza siku yake: amekula nini, amelala vipi, amelilia nini. Mmoja mmoja wakaelezwa, mmoja mmoja wakakumbatiwa, wote saba, na akina mama waliposikia kulikuwa na nani mle ndani, hakuna aliyeondoka. Walisimama mlangoni pa Bi Pimbi. Walezi, waliokuwa wakiimba kwa zamu mpaka hapo, wakaacha wimbo.

Ukimya ndio uliomwamsha Chui. Akafungua macho, akanyoosha kidomo chenye uji uliokauka, akasema kwa sauti ndogo, iliyotoka mbali kabisa:

"Mama?"

Bi Pimbi akainuka kwa shida, akasimama mlangoni kama kawaida yake.

"Huyu amekula vyungu viwili," akasema. "Amelala vizuri. Hakulia. Nani anamchukua?"

Mama Swala akatazama chini. Chui akatazama nyuso zile, moja baada ya nyingine, kama anayetafuta, na Bi Pimbi alimwonea huruma. Ndiyo, huruma! Yule yule aliyekuja kumalizia na nyama.

Kisha Mama Nyati akapiga hatua mbele, pembe chini, kwato zikichimba ardhi, kwaa, kwaa.

"Nitamchukua mimi."

Lo! Usingizi wote ulimtoka. Chui akaruka, akapita kwenye tundu la moshi, fyatu! Akateremka jabali, akavuka mto, chubwi, na madoa yake nusura ayaache njiani.

Hakurudi tena jabalini. Lakini mchana, wimbo ule ukianza, usingizi humkuta huko huko aliko, akapanda mti na kulala, miguu ikining'inia. Wapo wajuaji wanaosema chui hulala mchana kwa sababu huwinda usiku. Waacheni na elimu yao. Bi Pimbi anajua. Wale saba wakishalala, hupandisha sauti kidogo, ifike ng'ambo ya mto, kwa yule wa nane ambaye hakuna anayempitia.

Na funzo? Mnataka funzo? Haya, hesabuni wenyewe. Chui alikuwa mlafi na mwongo. Akapata uji vyungu viwili, mkeka mzuri, na jabali zima likamwimbia. Bi Pimbi alikuwa mwerevu na mwaminifu. Akapata mkono uliokufa ganzi, na kesho yake akaamka alfajiri kupika uji mwingine. Basi wanangu, nawausia: kuweni walafi.

Hadithi yangu nimeilaza hapo. Atakayeiamsha, aibembeleze mwenyewe.